UZI: Elizabeth wa Kwanza alirithi deni, vita na nchi iliyogawanyika. Aliivukaje miaka mitano ya mwanzo?

#1 Mwalimu_Mstaafu (mleta uzi)

Salaam wanajukwaa.

Niweke sawa jambo moja kwanza. Simzungumzii Elizabeth yule ambaye msiba wa baba yake ulimkuta Kenya, Februari 1952, akaondoka huko akiwa malkia. Namzungumzia wa kwanza mwenye jina hilo, binti ya Henry VIII na Anne Boleyn, aliyerithi kiti cha Uingereza tarehe 17 Novemba 1558 akiwa na miaka 25.

Nimefundisha Historia sekondari kwa muda mrefu, na kila nilipomtaja malkia huyu darasani mikono iliinuka kunieleza habari za merikebu za Wahispania za 1588. Hiyo ni miaka 30 baadaye! Mtihani wake wenyewe naona ulikuwa kati ya 1558 na 1563, wakati hakuna aliyekuwa na hakika kwamba atamaliza hata mwaka. Na hoja yangu ni hii: Elizabeth alitawala kwa kukawia. Wapo wanaouita udhaifu, kwamba ni mwanamke aliyeshindwa kukata shauri. Mimi nasema kukawia ndiko kulikokuwa mtaji wake, maana mtaji mwingine hakuachiwa.

Tazameni alichokikuta. Nchi ilikuwa vitani na Ufaransa, vita ambavyo dada yake Mary, malkia aliyemtangulia, aliingia kwa kumfuata mumewe, Philip wa Hispania. Januari 1558 Wafaransa waliiteka Calais, mji wa mwisho wa Waingereza ng'ambo ya bahari, uliokuwa mikononi mwao tangu 1347. Mavuno yaliharibika 1555, yakaharibika tena 1556. Ikafuata homa kali ya mafua iliyozoa watu vijijini na mijini. Askofu Mkuu wa Canterbury, Kardinali Pole, alikufa siku ile ile aliyokufa Mary. Hazina ilidaiwa zaidi ya pauni 200,000, takriban mapato ya kawaida ya taji kwa mwaka mzima, na sehemu ya deni hilo ilikuwa kwa wakopeshaji wa Antwerp, mji wa biashara ng'ambo ya bahari, kwa riba ya asilimia 12 hadi 14.

Kisha kuna hali yake mwenyewe. Mama yake alikatwa kichwa Mei 1536, Elizabeth akiwa hajafikisha miaka mitatu, na sheria ikamtangaza kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Sheria ya 1544 ilimrudisha kwenye orodha ya warithi lakini haikulifuta lile neno. Kwa hiyo machoni pa Wakatoliki wengi wa Ulaya mrithi halali alikuwa Mary Stuart, malkia wa Uskoti, mjukuu wa dada yake Henry. Na Mary Stuart alikuwa ameolewa Aprili 1558 na mrithi wa kiti cha Ufaransa. Wekeni ramani mezani mtaona hatari: Ufaransa iko kusini ng'ambo ya maji, na askari wa Kifaransa wako Uskoti, kaskazini, ambako hakuna maji ya kuvuka.

Juu ya yote, mwanamke. Mwaka huo huo wa 1558 mhubiri wa Kiskoti John Knox alichapisha Geneva kijitabu cha kusema kwamba utawala wa mwanamke unapingana na maumbile na amri ya Mungu. Alimlenga Mary, yule dada Mkatoliki wa Elizabeth. Kabla wino haujakauka vizuri, akaingia Elizabeth Mprotestanti, na mshale ukampata yeye. Hakumsamehe. Knox alipotaka kupita Uingereza akirudi kwao 1559, alinyimwa njia.

Nitaendelea kesho na namna alivyounda serikali yake. Karibuni kwa maswali.

#2 Binti_wa_Tanga

Shikamoo Mwalimu. Nimeketi mkekani kabisa, nasoma.

Swali langu: binti wa miaka 25, hajawahi kushika wadhifa wowote, huo ujanja wa kukawia aliupata wapi? Alikuwa na mwalimu wa siasa?

#3 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba, mwanangu.

Walimu wa vitabu alikuwa nao, tena wazuri. Roger Ascham alimfundisha Kigiriki na Kilatini, na Kifaransa na Kiitaliano alivizungumza. Lakini la kuishi na watu wanaokutafutia kosa alilijifunza mahali pengine.

Mwanzoni mwa 1554 Thomas Wyatt aliongoza uasi kumpinga Mary asiolewe na Philip. Uasi ukazimwa, na washauri wa Mary wakasema Elizabeth alijua. Tarehe 17 Machi mabwana wawili walikuja kumchukua kwa mashua kumpeleka kwenye Mnara wa London, mahali alipokatwa kichwa mama yake. Akaomba ruhusa amwandikie dada yake barua. Akaandika, taratibu. Alipomaliza, maji ya mto Thames yalikuwa yameshabadilika na mashua isingeweza kupita chini ya Daraja la London. Akapata siku moja zaidi. Na ule ukurasa wa mwisho, uliobaki mtupu juu ya sahihi yake, aliuchora mistari ya mshazari kutoka juu hadi chini ili adui asije akaongeza sentensi yake humo.

Mimi barua ile huitazama kama somo lake la kwanza la utawala. Alipata siku moja kwa kuandika polepole, na hakumwachia mtu nafasi ya kumwekea maneno mdomoni. Kesho yake walimpeleka. Wakamhoji, hawakupata kitu. Wyatt mwenyewe, akiwa jukwaani tayari kukatwa kichwa, alisema binti mfalme hakuhusika. Tarehe 19 Mei wakamtoa wakampeleka Woodstock chini ya ulinzi.

Mtu aliyeponea hapo akiwa na miaka 20 hawezi kuja kuwa mwepesi wa kusema ndiyo au hapana.

#4 Mwalimu_Mstaafu

Tuingie sasa kwenye serikali.

Habari za kifo cha Mary zilimkuta Hatfield, nyumba alikolelewa, kaskazini mwa London. Hakukimbilia mjini. Siku tatu baadaye, 20 Novemba, alikutana na mabwana hapo hapo na kumwapisha William Cecil kuwa Katibu wake. Maneno aliyomwambia yamehifadhiwa: kwamba anamwamini hatapotoshwa na zawadi ya aina yoyote, kwamba atakuwa mwaminifu kwa dola, na kwamba atampa shauri analoliona bora bila kujali matakwa yake yeye malkia. Cecil alimtumikia miaka 40, hadi kufa kwake 1598.

Kisha akalipunguza Baraza. Mary alikuwa na washauri zaidi ya 40. Elizabeth alibaki na wapatao 20, na aliwaeleza mabwana sababu waziwazi: wingi wa watu huleta mvurugano kuliko shauri jema. Karibu nusu ya hao 20 walikuwa wamemtumikia Mary. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Alikuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi. Baadhi ya watu wale walikaa meza moja na waliotaka afe. Aliwaacha wenye ujuzi na wenye ardhi na watu nyuma yao, kama mzee Marquess wa Winchester pale hazina na Earl wa Pembroke, akawaondoa waliokuwa pale kwa sababu ya imani tu. Maaskofu wakatoka. Nicholas Bacon, shemeji yake Cecil, akapewa Muhuri Mkuu. Robert Dudley, aliyekuwa naye kifungoni kule Mnarani 1554, akakabidhiwa farasi wa malkia, kazi iliyomweka karibu naye kila alipotoka.

Baraza lilikutana mara nyingi, na mara nyingi yeye hakuwamo. Alipenda kumwita mshauri mmoja mmoja, akamsikiliza peke yake, akalinganisha na aliyosikia kwa mwingine. Wao walijadili, neno la mwisho likabaki kwake. Hakukuwa na jeshi la kudumu. Wilayani kazi ilifanywa na mahakimu wa amani, watu wenye ardhi wasiolipwa mshahara. Serikali ya namna hiyo haiwezi kuamrisha mno, kwa sababu ikikataliwa haina cha kufanya. Lazima ibembeleze, isafiri, ionekane. Ndiyo maana karibu kila kiangazi alitoka na msafara wake akalala kwenye nyumba za mabwana, watu wakamwona kwa macho.

#5 KalamuNyeusi

Mwalimu, nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Ukisoma kwa makini, kazi zote ni za Cecil. Barua ni Cecil, hesabu ni Cecil, Uskoti ni Cecil. Malkia alikuwa akisita tu, na wanaume wa Baraza wakimsukuma. Uskoti ndiyo mfano mzuri: angeachwa mwenyewe asingefanya lolote na Wafaransa wangekuwa mpakani hadi leo.

#6 Mwalimu_Mstaafu

Ndugu KalamuNyeusi, nafurahi umeitaja Uskoti, maana ndiyo sehemu ngumu kwa hoja yangu.

Ni kweli. Mwaka 1559 mabwana wa Kiprotestanti wa Uskoti waliasi dhidi ya Mary wa Guise, mama yake Mary Stuart, aliyekuwa akishika nchi kwa niaba ya binti yake kwa msaada wa askari wa Ufaransa. Julai mwaka huo mume wa Mary Stuart akawa mfalme Francis II, na wale wawili wakaweka nembo ya Uingereza ndani ya nembo yao, kana kwamba kiti cha Elizabeth ni chao. Cecil alitaka vita. Elizabeth hakutaka: hakuwa na fedha, na hakupenda kuwasaidia raia wanaomwasi malkia wao, kwa sababu naye ana raia. Cecil alifika mahali pa kumwandikia akiomba aondolewe kwenye jambo hilo kama shauri lake halikubaliki.

Lakini tazama alivyokubali. Kwanza fedha ya siri. Kisha, mwisho wa Desemba 1559, meli za William Winter zikatumwa kaskazini, na Winter akaagizwa kwamba akiulizwa aseme amefanya kwa uamuzi wake mwenyewe. Februari 1560 ndipo ukasainiwa mkataba wa Berwick na mabwana wa Uskoti. Kila hatua ilikuwa na mlango wa kurudi nyuma. Jeshi la nchi kavu liliposhambulia ngome ya Leith mwezi Mei, ngazi za kupandia ukuta zilikuwa fupi na watu wengi wakafa. Kushindwa kwa Leith kunaonyesha hofu yake haikuwa ya bure. Kilichowaokoa ni dhoruba zilizovuruga meli za Ufaransa, machafuko ya ndani ya Ufaransa kwenyewe, na kifo cha Mary wa Guise mwezi Juni. Mkataba wa Edinburgh ukafungwa 6 Julai 1560, Wafaransa wakaondoka.

Kwa hiyo tugawane: shauri lilikuwa la Cecil na alikuwa sahihi. Bei na kasi vilikuwa vya malkia. Cecil peke yake angeingia mapema, na kwa hazina ile sijui angetokaje.

#7 KalamuNyeusi

Hapo kwenye "tugawane" nakubali kidogo. Lakini usiiache Le Havre. Nitakukumbusha.

#8 Padri_wa_Kijijini

Mimi ni Mwanglikana, na uzi huu unanigusa kwa njia ambayo wengine huenda hawaijui. Kanisa langu lilichongwa na Bunge lake la 1559. Mwalimu, naomba uniachie kipande hiki.

Elizabeth alionyesha mwelekeo wake mapema. Siku ya Krismasi 1558 alimwagiza Askofu Oglethorpe wa Carlisle asiinue hostia, yaani mkate wa komunyo, kwenye misa. Askofu akainua, malkia akasimama akatoka kanisani. Oglethorpe huyo huyo ndiye aliyemvika taji Januari 15, kwa sababu Canterbury haikuwa na askofu mkuu na yule wa York alikataa. Siku moja kabla ya kutawazwa, akipita mtaa wa Cheapside, alikabidhiwa Biblia ya Kiingereza mbele ya umati, akaibusu na kuikumbatia kifuani. Watu walielewa.

Lakini Bunge halikuwa rahisi. Maaskofu wote waliokuwamo Baraza la Malodi, nyumba ya juu ya Bunge, walikuwa Wakatoliki wa Mary, na muswada wa kwanza waliunyoa hadi ukabaki mifupa. Baada ya Pasaka serikali ikaja na miswada miwili. Cheo cha "Kichwa Kikuu" cha Kanisa, alichokuwa nacho baba yake, kikabadilishwa kuwa "Gavana Mkuu". Neno hilo liliwatuliza walioamini Kichwa ni Papa, na pia Waprotestanti walioamini Kichwa ni Kristo peke yake, wala si mwanamke. Muswada wa pili, wa ibada moja kwa nchi nzima, ulipita kwa Malodi kwa tofauti ya kura tatu, na hakuna askofu hata mmoja aliyeunga mkono.

Sasa lile linalonigusa. Kitabu cha Sala cha 1549 kilikuwa na maneno ya kumpa mtu mkate yanayosema ni mwili wa Bwana. Kile cha 1552 kiliyaondoa kikaweka maneno ya kula kwa ukumbusho. Kitabu cha 1559 kiliyaunganisha yote mawili, moja baada ya jingine, ili Mkatoliki asikie lake na Mprotestanti asikie lake kwenye altare moja. "Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, uliotolewa kwa ajili yako," kisha "kula hii kwa ukumbusho." Nimewapa watu komunyo kwa maneno hayo kwa Kiswahili miaka mingi, na kila nikifika kwenye ule mshono huwaza kwamba hapa palishonwa na watu waliochoka kuuana.

Na mshono huo ulikuja mpaka kwetu. Wamisionari wa UMCA, chama kimoja cha Kianglikana, walileta Zanzibar uvumba na mavazi. Wale wa CMS, chama kingine cha Kianglikana, walioanzia Mombasa hawakuvitaka. Kanisa moja. Mwaka 1913 walipogombana baada ya mkutano wa wamisionari wa Kiprotestanti kule Kikuyu, Kenya, na Askofu Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, walikuwa wakivutana juu ya jambo lile lile ambalo 1559 iliamua kutolimaliza.

#9 Binti_wa_Tanga

Padri, asante sana. Sikuwahi kulijua hili, na sala hiyo nimeisikia tangu utoto.

Lakini Wakatoliki wa Uingereza walifanywaje? Isije ikawa tunasifia tu.

#10 Padri_wa_Kijijini

Swali la haki. Maaskofu wote isipokuwa mmoja, Kitchin wa Llandaff, walikataa kiapo cha kumtambua malkia kuwa Gavana Mkuu wakavuliwa vyeo. Wawili walishapelekwa Mnarani wakati wa mabishano ya Pasaka, na wapo waliomaliza maisha yao chini ya ulinzi. Sheria nyingine ya Bunge hilo ilimpa malkia nafasi ya kuchukua ardhi za dayosisi zilizokuwa wazi na kulipa kwa mapato ya zaka yasiyo na thamani sawa, na aliitumia. Waumini wa kawaida walitozwa peni 12, yaani shilingi moja, kila Jumapili waliyokosa kanisani. Ukifananisha na watu karibu 300 waliochomwa moto wakati wa Mary, miaka hii ya kwanza ilikuwa ya upole. Damu ya Wakatoliki ilikuja kumwagika baadaye, hasa baada ya Papa Pius V kumtenga malkia na Kanisa 1570. Sitaki kulificha hilo.

#11 Muuza_Nafaka

Nimevutwa na habari za deni na riba. Mimi ni mfanyabiashara wa mazao, siasa za wafalme sizijui. Alilipaje? Maana ukishakuwa na deni la riba 14, kukawia ndiko kunakukuza deni.

#12 Mwalimu_Mstaafu

Mkuu, umegusa penyewe. Kwenye deni hakukawia hata kidogo. Mtu wake Antwerp alikuwa Thomas Gresham, mfanyabiashara wa vitambaa aliyewajua wakopeshaji kwa majina. Shauri lake lilikuwa ambalo wewe ungelitoa: lipa kwa siku uliyoahidi, hata kama ni kwa kukopa kwingine, ili jina lako liwe zuri na riba ishuke. Amani na Ufaransa ilifungwa Cateau-Cambrésis Aprili 1559, na gharama ya vita ikapungua. Calais ilibaki kwa Wafaransa kwa miaka minane, kisha eti wairudishe au walipe faini. Kila mtu mezani alijua haitarudi, lakini maneno yale yalimsitiri. Na tumtendee haki Mary pia: ni serikali yake iliyopandisha viwango vya ushuru wa forodha 1558, na Elizabeth ndiye aliyevuna.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa sarafu. Henry VIII, na baada yake washauri wa Edward VI, walipunguza madini ya fedha kwenye sarafu na kuongeza shaba ili hazina ipate faida. Kufikia 1551 zilitolewa sarafu zenye robo tu ya fedha. Bei zikapanda, na sarafu nzuri zikafichwa majumbani. Gresham alimwandikia malkia mwaka ule wa kwanza kumweleza kwamba huko ndiko thamani ya pauni ilikoangukia.

Septemba 1560 likatoka tangazo. Testoon, sarafu iliyoanza kama shilingi ya peni 12 na kushushwa hadi peni 6 mwaka 1551, sasa ikawa peni 4 na nusu, na zile mbovu kabisa peni 2 na robo. Watu wengi hawakujua kusoma, basi ili wazitofautishe zikapigwa alama: lango la ngome kwa zile nafuu, mbwa wa mbio kwa zile mbovu. Kisha zikakusanywa, zikayeyushwa, zikatoka mpya zenye fedha safi. Kazi ilikwisha kwa takriban mwaka mmoja.

#13 Muuza_Nafaka

Mimi nasema hapo maskini aliumia. Mwenye akiba ya testoon kumi chini ya godoro aliamka asubuhi robo ya mali yake haipo. Tajiri alishahama zamani kwenye dhahabu na ardhi.

#14 Mwalimu_Mstaafu

Hesabu yako ni sahihi, kutoka 6 hadi 4 na nusu ni robo kamili. Na ndivyo ilivyokuwa. Siku za tangazo kulikuwa na hofu masokoni, wenye bidhaa wakikataa sarafu zenyewe. Naitetea hatua ile, kwa sababu kila mwaka wa kuchelewa ungemla maskini zaidi kupitia bei, lakini sitasema haikuwa na waliolipa.

#15 KalamuNyeusi

Sasa Le Havre, Mwalimu.

#16 Mwalimu_Mstaafu

Sina utetezi. Vita vya dini vilipoanza Ufaransa 1562, Elizabeth aliahidi kuwasaidia Waprotestanti wa huko kwa askari na fedha, nao wakampa mji wa bandari wa Le Havre awe nao kama rehani ya kurudishiwa Calais. Tamaa ya Calais ilimshinda. Machi 1563 Wafaransa wa pande mbili wakapatana, wakaungana kumtoa. Tauni ikaingia ndani ya ngome, ikawaua askari wa Ambrose Dudley kwa wingi, na mwishoni mwa Julai wakasalimu amri. Mkataba wa Troyes wa 1564 ukamaliza kabisa madai ya Calais kwa malipo madogo. Kiangazi hicho hicho tauni ilikuwa ikiitafuna London, na maelfu walikufa.

Ukiniuliza, hiyo ndiyo mara moja katika miaka ile aliyoacha tabia yake akadaka kitu kwa haraka. Kwa miaka mingi baadaye hakupeleka tena jeshi bara.

#17 Binti_wa_Tanga

Na ndoa? Nimesubiri toka mwanzo.

#18 Mwalimu_Mstaafu

Nimeiacha makusudi kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Philip mwenyewe, shemeji yake mjane, alileta posa kupitia balozi wake Feria mwanzoni mwa 1559. Akaja Eric wa Sweden. Wakaja wana wa Kaizari kutoka Austria. Akatajwa Earl wa Arran wa Uskoti, na wa nyumbani Earl wa Arundel. Hakuna aliyeambiwa hapana kwa haraka. Maadamu Philip aliamini bado ana nafasi, alikuwa mlinzi wake mbele ya Papa. Maadamu Austria ilikuwa ikiandikiana barua, Ufaransa ilikuwa na wasiwasi. Mkono wake ulikuwa na thamani kabla haujatolewa tu. Dada yake aliolewa, na nchi ikaburutwa kwenye vita vya mume. Wabunge walipomwomba aolewe Februari 1559, aliwashukuru, akasema Mungu akimwelekeza huko sawa, na asipomwelekeza itamtosha jiwe la kaburi liseme kwamba malkia alitawala muda fulani, akaishi na kufa bikira.

Tishio kubwa kwa sera hii lilikuwa moyo wake mwenyewe. Alimpenda Robert Dudley, na Dudley alikuwa na mke. Tarehe 8 Septemba 1560 mke huyo, Amy, alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyumba ya Cumnor, karibu na Oxford. Jopo la uchunguzi lilisema ni ajali, lakini Ulaya nzima ilinong'ona. Angeolewa na Dudley baada ya hapo, angepoteza kiti, au angalau heshima iliyokishikilia. Hakuolewa naye. Hakumfukuza pia.

Gharama ya kukawia huku ilionekana Oktoba 1562. Akiwa Hampton Court alishikwa na ndui, akafika mahali pa kutoweza kusema. Washauri wakakaa kujadili mrithi na hawakukubaliana: wapo waliomtaka Catherine Grey, wapo waliomtaka Earl wa Huntingdon. Alipozinduka kidogo aliomba Dudley afanywe Mlinzi wa Dola. Siku zile chache nchi ilikuwa mtu mmoja mgonjwa mbali na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Bunge la Januari 1563 likamsihi kwa hofu ya kweli aolewe au amtaje mrithi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe, enzi za Mary, alivyokuwa jua linalochomoza ambalo kila mwenye kinyongo aligeukia. Hapa KalamuNyeusi unaweza kunipinga, nami nitakusikiliza, kwa sababu aliichezea nchi nzima kwa uhai wake.

#19 KalamuNyeusi

Hapa sikupingi kwa nguvu niliyokuja nayo. Angekufa Oktoba ile, leo tungemwita mzembe. Alipona.

#20 Binti_wa_Tanga

Mwalimu, la mwisho. Umetaja wanaume wote hao. Wanawake waliokuwa naye chumbani je? Nani alimuuguza?

#21 Mwalimu_Mstaafu

Nashukuru umeuliza, maana vitabu vingi huwapita.

Chumba chake cha ndani kilikuwa cha wanawake, na hakuwaruhusu waingilie maamuzi ya serikali, ingawa kila balozi alijua kuwa habari za hali yake zinapatikana kwao. Kat Ashley alimlea tangu utotoni na alishafungwa kwa ajili yake. Blanche Parry alikaa naye hadi uzeeni.

Aliyemuuguza ndui ni Mary Sidney, dada yake Robert Dudley. Alikaa kitandani pake hadi malkia akapona akiwa na makovu machache. Kisha Mary akaugua yeye. Mumewe, Henry Sidney, alikuwa safarini ng'ambo. Aliandika baadaye kwamba alimwacha mwanamke ambaye machoni pake alikuwa mzuri kuliko wote, na aliporudi akamkuta ameharibiwa uso kadiri ndui inavyoweza kumharibu mtu.